Siku nne zinatosha, dada

Dada, unasema bosi hakupi zaidi ya siku nne mfululizo, basi dunia utaiona ukistaafu. Aa wapi! Saba Saba ikiangukia Jumanne, omba Jumatatu tu. Nne hizo tayari.

Mimi nilitoka Mwanza Ijumaa jioni kwenda Kigali. Busisi sasa ni daraja, lilifunguliwa Juni 2025, hakuna tena kusinzia foleni ya kivuko. Mpakani Rusumo chungulia chini, Mto Kagera unavyoporomoka! Beba pasipoti na kadi ya homa ya manjano. Saa za Rwanda ziko nyuma yetu kwa saa moja. Nilisahau, siku ya kurudi nikakaa stendi saa nzima na sambusa zilizopoa. Ukikosa nauli, kisiwa cha Ukerewe kipo, meli inashukisha Nansio.