Kabla CNC haijaingia karakanani, amua utakuwa unatengeneza nini

Vijana wengi wanaotoka kwenye kazi za oda hununua CNC, yaani mashine ya kukata mbao inayoongozwa na kompyuta, wakitegemea mashine ndiyo italeta uzalishaji. Kumbe kila mteja akija na picha yake kwenye simu, unashinda kwenye kompyuta unachora, mashine imelala, na marejesho ya mkopo hayalali.

Chagua kwanza bidhaa mbili tatu zinazotoka kila mwezi, tuseme kabati za jikoni za vipimo visivyobadilika. Matundu ya rafu yafuate mfumo wa 32: kipenyo milimita 5, yapishane kwa 32, mstari uwe 37 kutoka ukingo wa mbele. Bawaba nyingi za dukani zimetengenezwa kwa mpangilio huo, na kikombe chake, ile sehemu ya duara inayozama kwenye mlango, huingia tundu la 35. Unga kabati la mfano, rekebisha, unga tena, mpaka fundi ambaye hakuwepo wakati wa kuchora aunge bila kuuliza. Mteja achague rangi na vitasa. Anayetaka vipimo vyake mwenyewe, mtoze bei ya kazi ya mkono, wala usimwonee haya.

Bodi iliyoandikwa unene wa milimita 18 usiiamini. Pima kila shehena kwa kalipa, kile kipimio cha unene, ukikuta 17.7 au 18.3, badilisha upana wa mifereji kwenye programu kabla ya kukata, la sivyo viungo vitacheza au vitagoma kuingia.

Halafu kuna hili la mwendo, ambalo wageni hulikosea kwa woga. Biti (kisu kinachozunguka) ya meno mawili kwenye mizunguko 18,000 kwa dakika, ukiisukuma milimita 3,000 tu kwa dakika, kila jino linakula kama milimita 0.08. Huko ni kusugua: biti inapata moto, bodi inaungua, na makali yanakwisha mapema. Kama mashine yako ni nyepesi na haiwezi kwenda kasi, weka biti ya jino moja, au punguza mizunguko. Sikiliza pia mlio. Ukiwa mkali kama filimbi, biti inalalamika.

Foleni ya kazi nayo itahama. Bodi nzima ya 2440 kwa 1220 inakatwa upesi, kisha vipande vinarundikana kwa kijana mmoja anayebandika utepe wa kufunika ukingo kwa pasi, bila alama ya kabati gani ni ya nani. Bandika lebo kipande kikiwa bado mezani. Fedha uliyotenga kwa CNC ya pili nunulia mashine ya kubandika ukingo.