Maswali ya Wasomaji: Cobra ya Kuigiza, Injini ya Kisasa

SWALI: Ninaunda nakala ya AC Cobra, gari la michezo la miaka ya 1960, yenye injini ya LS3 (V8 ya kisasa ya General Motors) na giaboksi ya gia sita. Ikifika kilomita 80 kwa saa, sakafu inatetemeka. Kwenye kona ndefu, injini inakatakata. Nianzie wapi?

JIBU: Hizo ni hitilafu mbili tofauti.

Mtetemo kwanza. Propela ya gari hili (shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, yaani gia za ekseli ya nyuma) ni fupi, hivyo kosa dogo la kupanga injini huzaa pembe kubwa kwenye krosi, viungo vya ncha zake mbili. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, pima pembe ya giaboksi, propela na difu. Kila krosi ifanye kazi kwa nyuzi 1 hadi 3, na tofauti kati ya pembe za krosi hizo mbili isizidi nyuzi 1. Usilenge sifuri, rola za krosi zisipozunguka hula sehemu moja tu. Rekebisha kwa shimu (vipande vyembamba vya chuma) chini ya maunti, kishikizo cha giaboksi. Pima pia kwa kutazama kutoka juu, maana injini nyingi hukaa pembeni kidogo.

Kukatakata ni tangi: kwenye kona ndefu mafuta hukimbilia upande mmoja na pampu huvuta hewa. Kabureta ina bakuli lenye akiba ya mafuta. Mfumo wa nozeli, unaonyunyizia mafuta kwa shinikizo kama wa LS3, hauna. LS3 inataka shinikizo la psi 58 (pauni kwa inchi mraba) wakati wote, na pampu ikivuta hewa hata kidogo shinikizo huanguka. Weka chungu, yaani tangi dogo la akiba, cha lita 1 au 2: pampu ndogo ikijaze, pampu kubwa ivute kutoka chini yake, ziada irudi tangini. Mipira ya kupitishia mafuta ya mfumo wa kabureta itupwe, hata ikiwa mipya, maana haikuundwa kwa shinikizo hilo.