Spika za redio ya zamani zinatoa sauti ya mbu kwenye kompyuta

SWALI: Fundi, redio yangu ilikufa lakini spika zake mbili bado ni nzima. Nimekata nyaya, nikaunga mbili nyeusi pamoja kwenye plagi ya hedifoni, nikachomeka tundu la kijani nyuma ya kompyuta. Sauti inatoka kama ya mbu hata nikiipandisha hadi mwisho. Kadi ya sauti imeharibika?

JIBU: Kadi haina kosa, ndugu yangu, na tundu ulilochagua ndilo lenyewe, la waridi ni la maikrofoni. Kinachokosekana ni amplifaya, kifaa cha kuipa sauti nguvu ya kusukuma spika. Iliyokuwa ikizisukuma spika hizo ilikuwa ndani ya redio, nayo imekufa na redio yake. Tundu la kompyuta linatoa nguvu ya kutosha hedifoni tu, sehemu ndogo ya wati moja. Tena spika za namna hiyo huwa na ukinzani wa ohm 4 hadi 8, zinadai mkondo mkubwa kuliko tundu hilo linavyoweza kutoa. Chomoa kwanza. Nyaya zilizounganishwa kwa mkono zikigusana, hapo ndipo kadi inaweza kuungua kweli.

Spika za kompyuta zinazouzwa zina amplifaya ndani, ndiyo maana huchomekwa kwenye umeme au USB. Zako zinahitaji amplifaya ya nje, hata ndogo. Soma ohm zilizoandikwa mgongoni mwa spika, kisha hakikisha amplifaya inazikubali: ya kuanzia ohm 8 usiipe spika za ohm 4.

Kutoka kompyuta hadi amplifaya tumia waya wenye plagi ya milimita 3.5 upande mmoja na plagi mbili za duara za RCA upande wa pili, nyekundu kulia, nyeupe kushoto. Ingiza kwenye matundu ya amplifaya yaliyoandikwa AUX. Usiingize kwenye PHONO. Hapo ni pa santuri, sauti itakwaruza vibaya.

Sasa ule muungano wa nyaya nyeusi: ufungue. Amplifaya nyingi ndogo za siku hizi haziruhusu hasi (nyaya nyeusi) za spika mbili kugusana, na wengi wameunguza kifaa kipya siku ya kwanza kwa kosa hilo. Kila spika iende na jozi yake, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ukigeuza nyaya za spika moja, zitalia, ila besi itapotea na utadhani spika ni mbovu.

Washa amplifaya sauti yake ikiwa chini kabisa. Sauti ya kompyuta iache karibu na juu, upandishe na kupunguza kwenye amplifaya. Ikiwa kimya kabisa, angalia mipangilio ya sauti: skrini iliyounganishwa kwa HDMI, waya unaobeba picha na sauti pamoja, mara nyingi hujichukulia sauti bila kuomba ruhusa. Ukisikia mvumo usiokoma, chomeka kompyuta na amplifaya kwenye ekstensheni moja. Mara nyingi huisha hapo.