Shangazi, fundi anasema maji yataficha

*Shangazi, shikamoo. Tunajenga bwawa la kuogelea nyumbani Mbweni, mita 8 kwa 4. Kazi ya marumaru inakaribia kwisha, lakini kila nikienda naona kasoro: mstari wa juu upande mmoja umeshuka kama sentimita moja, ngazi moja ni fupi kuliko nyingine, marumaru kadhaa ukizigonga zinalia tupu, na tatu za chini zina rangi tofauti. Fundi anasema maji yakijaa havitaonekana. Mume wangu anasema nimezidi, fundi ni mtu wa kwao, nisimwaibishe. Nina watoto wa miaka 4 na 6, na hela zinakata. Nidai zirudiwe au ninyamaze?*
*Mama Wawili*

Marahaba mwanangu.

Huyo fundi kakwambia kinyume. Maji ndiyo pima maji yenyewe. Yakishatulia yananyooka, na marumaru zilizoshuka zitajianika hapo hapo, upande mmoja ziko juu ya maji na upande wa pili zimezama. Utakuwa unaliona kila ukifungua dirisha la jikoni. Wala dawa yake si kubomoa ukuta. Mwambie alete ule mpira wa maji wanaopimia leveli, apime pembe zote nne wewe ukiwepo. Kama ukingo wa zege uko sawa, basi ni marumaru tu, zing'olewe za mstari wa juu upande ule na kupangwa upya. Kama ukingo ndio umeshuka, unyanyuliwe kwa mota, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga, kabla mawe ya pembeni hayajawekwa.

Zinazolia tupu ndizo zingeninyima usingizi mimi. Ng'oa moja uitazame mgongoni. Mara nyingi utakuta gundi imebandikwa madonge kwenye pembe, katikati hewa tupu. Sebuleni hiyo itadumu. Bwawani maji yatapenya kwenye mishono yakae nyuma yake, na siku moja itabanduka. Kuirudishia kunataka maji yatolewe, na kwa vipimo vyako, kina wastani kikiwa mita moja na nusu, hizo ni lita 48,000, karibu maboza matano ya lita 10,000. Halafu wewe uko pwani. Bwawa likikaa tupu masika, maji ya ardhini yakipanda yanaweza kulisukuma kutoka chini likapasuka au hata kunyanyuka. Cha kurudiwa ndani ya bwawa kirudiwe sasa, pakavu.

Ngazi nayo isawazishwe. Mguu huzoea kimo cha ngazi ya kwanza, na majini macho yanadanganya, kina kinaonekana kifupi kuliko kilivyo. Mama mkwe akija kukaa na wajukuu, hapo ndipo atateleza.

Hizo tatu za rangi tofauti, achana nazo. Mwanga ukicheza majini utazitafuta wewe mwenyewe usizione. Ukidai na hizo, fundi atakuchoka kabla hamjamaliza za maana.

Sasa baba watoto. Nionavyo mimi, hizo kasoro anaziona vizuri tu, ila anaogopa simu kutoka kwao. Basi usimfanye hakimu mbele ya fundi. Mwombe jambo moja: hela ya mwisho isitoke mpaka bwawa lijazwe na kupimwa kama linavuja. Kwenye miradi mikubwa ya ujenzi mkandarasi huzuiliwa sehemu ya fedha zake hadi kipindi cha matazamio, yaani muda wa kungoja kuona kama kasoro zitajitokeza, kiishe, na haambiwi ametukanwa. Kupima ni rahisi. Weka ndoo ya maji kwenye ngazi, maji ya ndani yalingane na ya nje, zimeni pampu, tazama kesho yake. Yakishuka sawa, ni jua. Ya bwawani yakishuka zaidi, linavuja, na hapo hata mtu wa kwao atabishana na ndoo. (Kwa kawaida bwawa hujazwa maji na kupimwa kabla ya marumaru. Hukuniambia kama walifanya hivyo. Waulize.)

Lakini mwanangu, nimeisoma barua yako nikitafuta neno moja sijaliona: uzio. Una mtoto wa miaka 4 na shimo la mita moja na nusu uani, halafu tunazozana juu ya rangi ya marumaru! Australia sheria inadai uzio wa bwawa la nyumbani usipungue mita 1.2, na geti linalojifunga lenyewe. Wewe weka na komeo juu, mkono wa mtoto usifike, na viti vya plastiki vikae mbali asije akapandia. Kama hela haitoshi vyote, ule mstari wa juu ubaki umepinda hivyo hivyo. Uzio usimame kabla boza la kwanza halijaingia getini.