Nitaupendaje Kisumu?

SWALI: Nimehamia Kisumu miezi minne sasa. Naona joto na majengo makuukuu tu. Nianzie wapi?
Msomaji, Milimani

JIBU: Ndugu msomaji, acha kuzunguka saa saba mchana, jua hilo humchosha hata mwenyeji. Fika Dunga, ufuo wa wavuvi kwenye Ziwa Victoria, alfajiri, mitumbwi ikirejea na samaki. Ukitaka kupanda boti, waulize wavuvi kwanza kuhusu gugumaji, mmea unaoelea ziwani: upepo ukilisukuma ufukweni, boti hukwama, na ukishalipa umechelewa. Jumapili ni ya soko la Kibuye, wahi asubuhi. Majengo hayo yana thamani kubwa! Reli ilifika hapa 1901, mji ukiitwa Port Florence. Tembea polepole kutoka stesheni hadi bandarini, kisha uone boma la Kiluo kwenye makumbusho.