Maswali ya Wasomaji: Mwaka wa Kwanza katika Shule ya Biashara

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji walioanza masomo ya biashara watuandikie yanayowasumbua. Barua zilizotufikia zinafanana kwa jambo moja: karibu kila aliyeandika anadhani kwamba ni yeye peke yake anayezama, na kwamba wenzake wote wanaogelea. Nimefundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa muda mrefu na ninajua kwamba sivyo ilivyo. Nimezijibu barua tano, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa hofu iliyomo ndani yake ndiyo iliyojificha katika nyingine nyingi.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kabla ya kuingia shule ya biashara nilisoma fasihi. Katika jaribio la kwanza la uhasibu nimepata alama 31 kati ya 100. Ninakesha nikikariri kanuni, lakini swali likigeuzwa kidogo tu sijui nianzie wapi. Kinachonitatiza kuliko vyote ni hiki: kitabu kinasema kampuni imepata faida, ilhali akaunti yake ya benki ni karibu tupu. Faida hiyo imekwenda wapi? Je, nimekosea njia? — *Msomaji wa Fasihi*

Jibu: Marahaba. Njia hukuikosea, na swali ulilouliza kuhusu faida linaonyesha kwamba unafikiri, jambo ambalo alama 31 haziwezi kukuonyesha. Tuanze na hilo.

Tuseme mfanyabiashara anaanza mwezi akiwa na fedha taslimu milioni 8, ambazo ndizo mtaji wake wote. Ananunua bidhaa za milioni 6 na kuzilipia papo hapo. Kabla ya mwezi kwisha anaziuza zote kwa milioni 10, lakini kwa mkopo, kwa makubaliano kwamba mnunuzi atalipa baada ya siku 60. Amepata faida ya milioni 4, kwa sababu kwa kawaida mauzo huandikwa vitabuni pale bidhaa zinapokabidhiwa kwa mnunuzi, hata kama fedha bado hazijapokewa. Mkononi, hata hivyo, amebakiwa na milioni 2 tu. Faida unayoitafuta imo ndani ya deni la mnunuzi. Hesabu mali yake: fedha taslimu milioni 2 na madai ya milioni 10, jumla milioni 12. Hesabu upande wa pili: mtaji wa milioni 8 na faida ya milioni 4, jumla milioni 12. Pande mbili zimelingana, wala hakuna kilichopotea. Lakini mwezi unaofuata ukifunguka na mwenye jengo akataka kodi ya pango ya milioni 3, mfanyabiashara huyu mwenye faida hana fedha za kutosha kumlipa. Hivyo ndivyo biashara inayopata faida inavyoweza kufungwa, na ndiyo sababu mizania (yaani taarifa ya mali kwa upande mmoja, na mtaji na madeni kwa upande wa pili), taarifa ya faida na hasara, na taarifa ya mtiririko wa fedha husomwa kwa pamoja. Anayesoma moja na kuziacha mbili amesikia shahidi mmoja tu.

Mbinu ya kuandika kila muamala mara mbili ni ya kale. Wafanyabiashara wa miji ya Italia walikwisha kuitumia kabla ya mtawa na mwanahisabati Luca Pacioli kuieleza katika chapa mjini Venice mwaka 1494. Hakuibuni yeye, aliieleza kama alivyoiona ikitumiwa. Ninalitaja hili kwa sababu wanafunzi wengi huziona debiti na krediti, yaani pande mbili za kila muamala, kama mitego iliyotungwa kwa ajili ya mitihani, kumbe zilitokana na haja ya mtu mwenye mali baharini na wadeni katika miji mbalimbali, aliyetaka kujua amesimama wapi. Unapoliona neno debiti, usifikiri hasara, na unapoliona krediti, usifikiri neema. Jiulize maswali mawili tu: kitu kimetoka wapi, na kimekwenda wapi? Wewe uliyezoea kufuatilia wahusika ndani ya riwaya utaona kwamba leja, yaani daftari la hesabu, nayo ina wahusika, na kila mmoja ana alichotoa na alichopokea.

Sasa kuhusu kukesha. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1885 yalionyesha kwamba baada ya siku moja hivi, sehemu kubwa ya alichokikariri, kiasi cha theluthi mbili, ilikuwa imepotea. Kanuni za uhasibu zinazokaririwa bila kueleweka hazina tofauti kubwa na silabi zile. Fanya maswali matatu leo, uyarudie kesho bila kutazama majibu, kisha uyarudie tena baada ya siku nne. Kila ulipokosea, andika kwa sentensi kamili kwa nini ulikosea. Uandishi ni kipaji chako, basi kitumie hapo. Vilevile, ichukue karatasi ya jaribio na uyapange makosa yako: yapi ni ya kujumlisha na kutoa, yapi ni ya kuandika upande usio wake, na yapi ni ya kutoelewa swali. Katika uzoefu wangu, makosa mengi ya mwanafunzi mmoja hutoka katika chanzo kimoja au viwili. Mpelekee mwalimu wako orodha hiyo. Mwanafunzi anayeingia ofisini na kusema “sielewi uhasibu” ni vigumu kumsaidia. Anayesema “sijui kwa nini uchakavu wa mashine unapunguza faida wakati hakuna fedha iliyotoka” anaweza kusaidiwa katika dakika kumi.

Swali: Shule yetu inafundisha kwa visa. Tunapewa kurasa ishirini kuhusu kampuni fulani, kisha darasani tunajadiliana, na sehemu ya alama inatokana na kuchangia. Mimi ni mtu wa kufikiri polepole. Ninapokuwa tayari kunyosha mkono, mjadala umekwisha kuhama. Aidha, mwalimu hatoi jibu sahihi mwishoni, na ninatoka darasani bila kujua nimejifunza nini. — *Mnyamavu*

Jibu: Mbinu hii ilitoka katika shule za sheria. Christopher Columbus Langdell alianza kuitumia kufundishia sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1870, na shule ya biashara ya chuo hicho, iliyoanzishwa mwaka 1908, iliishika kwa nguvu baada ya mwaka 1919, chini ya mkuu wake Wallace Donham, ambaye mwenyewe alikuwa amesomea sheria. Tofauti iliyopo ni kwamba kisa cha mahakamani kina hukumu, lakini kisa cha biashara kimekatwa kwa makusudi pale ambapo meneja anapaswa kuamua. Usingoje jibu mwishoni. Kinachofundishwa ni kuamua huku taarifa zikiwa pungufu, kisha kuwaeleza wengine sababu zako na kustahimili wakizichambua.

Kwa hiyo, usikisome kisa kutoka neno la kwanza hadi la mwisho kama hadithi. Soma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, kisha majedwali, ndipo urudi katikati. Tafuta nani anayepaswa kuamua, lini, na ana njia zipi. Halafu, na hili ndilo ninalowasisitizia wanafunzi wangu kuliko yote, piga hesabu moja kabla ya kuingia darasani. Chukua mfano wa kampuni inayotaka kutoa bidhaa mpya kwa bei ya 50, huku gharama ya kutengeneza kila moja ikiwa 30, na gharama zisizobadilika, kama pango na mishahara ya ofisini, zikiwa 600,000 kwa mwaka. Kila bidhaa inachangia 20, hivyo ni lazima ziuzwe bidhaa 30,000 kabla ya senti ya kwanza ya faida kupatikana. Ikiwa ukurasa wa kumi na mbili unasema soko lote hununua 25,000 kwa mwaka, tayari una jambo la kusema ambalo wengi waliosoma haraka hawanalo. Liseme mapema, katika robo saa ya kwanza, kabla mjadala haujatapakaa. Baada ya hapo unaweza kukaa ukisikiliza kwa utulivu.

Ninaongeza kwamba siungi mkono walimu wanaohesabu mikono iliyonyoshwa badala ya kupima hoja zilizotolewa. Ikiwa wako ni wa namna hiyo, zungumza naye faraghani na umwombe akuite kwa jina siku ambayo umejiandaa vizuri. Walimu wengi hulipokea ombi kama hilo kwa moyo mweupe.

Swali: Nimeombwa kujiunga na vyama sita vya wanafunzi. Vyote vinaonekana muhimu. Nifanye nini? — *Mwenye Hamu*

Jibu: Chagua viwili: kimoja cha kazi unayoitaka na kimoja unachokipenda tu. Vinne vilivyobaki vitakuwepo mwaka wa pili.

Swali: Katika kikundi chetu cha watu watano, mmoja hafanyi kazi yoyote, lakini jina lake linaandikwa na alama anapata sawa na sisi. Wenzangu wananyamaza. Nimechoka kuandika ripoti usiku wa manane. Nimripoti kwa mwalimu? — *Mbeba Mizigo*

Jibu: Ninakuonea huruma, na sitakuambia uvumilie. Ila nikuulize kwanza: je, mlipoanza, mliandika popote ni nani atafanya nini na kufikia siku gani? Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 alionyesha kwamba watu wakivuta pamoja, nguvu yao haifikii jumla ya nguvu ya kila mmoja akivuta peke yake. Watafiti wa Marekani waliorudi kwenye suala hilo mwaka 1979, kwa kuwapima watu wakipiga makofi na kelele, waliona uzembe kama huo, na utafiti uliofuata ulionyesha kwamba unapungua sana pale kila mtu anapojua kuwa mchango wake unaweza kutambuliwa. Kwa hiyo, mnaposema “tutaandika utangulizi pamoja”, mmeshamfungulia mtu mlango wa kutokea.

Kabla ya kwenda kwa mwalimu, mfuate mwenzako mkiwa wawili tu, bila hadhira. Usianze na lawama. Muulize kuna nini. Nimewahi kugundua kwamba mwanafunzi aliyeitwa mvivu na kikundi kizima hakujua kutumia lahajedwali na aliona aibu kusema. Mwingine alikuwa akiuguza mzazi. Mpe sehemu moja yenye jina lake na tarehe, iliyo ndogo kiasi cha kumalizika katika siku mbili. Asipoifanya, mna ushahidi ulioandikwa, na hapo kwenda kwa mwalimu ni haki yenu, mradi mwende pamoja na mwenyewe aambiwe kabla. Wala usiifanye sehemu yake kwa siri usiku ili ripoti ionekane nzuri. Ninajua linavyouma kutoa kazi yenye pengo, lakini kila unapoliziba, unaificha hali halisi machoni pa mtu pekee mwenye mamlaka ya kuirekebisha.

Swali: Sina hata miezi mitatu shuleni na tayari wenzangu wanahudhuria usaili wa mafunzo ya kazi katika benki za uwekezaji na kampuni za ushauri. Mimi sijui ninataka nini. Nimechukua mkopo kwa ajili ya masomo haya na ninaogopa kubaki nyuma. — *Mwenye Mashaka*

Jibu: Haraka hiyo ina chanzo chake. Katika shahada ya uzamili ya miaka miwili, mafunzo ya kazi hufanyika katika likizo ndefu iliyo kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, na waajiri wakubwa hupenda kuwaajiri kwanza waliopita mikononi mwao, kwa hiyo huanza kuwatafuta mapema. Programu fupi zinabana zaidi: kwa wanafunzi wa INSEAD, shule ya biashara ya nchini Ufaransa, shahada nzima ni ya miezi 10. Hofu yako, basi, si ya kubuni. Lakini waangalie hao wenzako kwa makini. Wengi hawajui kazi wanayoiomba ina nini ndani yake. Wanafuata foleni kwa sababu ni ndefu.

Watafute watu watano waliomaliza shule yako na wanaofanya kazi tofauti, uwaombe dakika ishirini kila mmoja. Usiwaulize kama wanaipenda kazi yao, kwa kuwa watakujibu kwa adabu. Waulize jana walifanya nini tangu walipoingia ofisini mpaka walipotoka. Utakayemsikia akisema amekaa saa tisa akisahihisha majedwali, na wewe ukahisi wivu badala ya uchovu, amekupa jibu. Kuhusu mkopo, keti na karatasi uandike marejesho ya kila mwezi, siku yanapoanza, na mshahara mdogo kabisa unaoweza kuyabeba pamoja na matumizi yako. Nimewaona wanafunzi waliozikataa kazi walizozipenda kwa hofu ya deni ambalo hawakuwahi kulipigia hesabu, na baadhi yao walipolipiga, walikuta mshahara walioukataa ungetosha. Nitumie karatasi yako kupitia anwani ya jarida, ukifuta jina na namba za akaunti, nami nitaipitia pamoja nawe katika toleo lijalo.