Ukitaka kazi ya muziki wa asili wa Hungaria, anzia kwenye kontra

Kila Septemba, shule zikifunguliwa huku Budapest, napata ujumbe kutoka kwa vijana wa nyumbani wanaopiga fidla: niingieje kwenye kazi kama yako? Kazi yenyewe ni kutafiti muziki wa vijijini wa Wahungaria, kuupiga na kuufundisha. Jibu langu huwakera wengi. Weka fidla kando, jifunze kontra.

Kontra ni viola iliyofanyiwa ufundi. Ina nyuzi tatu tu, na kile kibao kinachoinua nyuzi kimechongwa bapa, basi upinde ukipita unazigusa zote tatu kwa pamoja. Fidla ndiyo inayoimba. Kontra na besi ndizo zinazobeba miguu ya wachezaji.

Mimi nilikuja na fidla yangu na majivuno yangu, maana noti nazisoma tangu nikiwa shule ya msingi. Mwaka wa kwanza nikakariri nyimbo themanini kutoka vitabuni. Kiangazi tukaenda Szék, kijiji cha Wahungaria huko Transilvania, siku hizi ndani ya Rumania, nikapewa nafasi ya kuongoza csárdás ya polepole, ngoma ya Kihungaria ya kucheza wawili wawili. Sikukosea noti hata moja. Mzunguko wa pili haujaisha, bibi mmoja aliyekuwa akicheza akamwachia mwenzake mkono, akaja akasimama mbele yangu, akakanyaga ubao kwa kisigino: nzito, nyepesi, nzito. Kisha akarudi kucheza. Wimbo niliujua, kuchezesha watu sikujua.

Usiku uleule nikaomba kukaa nyuma, kwenye kontra. Kuna mpigo uitwao dűvő: mapigo mawili ndani ya mvuto mmoja wa upinde, na la pili ndilo linalokazwa. Ukiuandika, hauzidi mstari mmoja. Kuuweka mkononi kulinichukua miezi saba, na kuna siku mkono wa kulia uliniuma hata kukamua nguo nikashindwa. Lakini anayekaa nyuma anaona kila kitu. Anaona mpiga fidla akimtazama mchezaji usoni kabla ya kubadilisha wimbo. Wanamuziki wa vijijini walijua kila mzee anapenda wimbo gani, na ukumbi ukipoa walijua waanze kwa nani. Hilo halimo kitabuni.

Upande wa utafiti, wengi wanadhani lazima uende kijijini na kinasa sauti. Nenda, lakini kwanza kaa na kumbukumbu zilizopo. Béla Vikár, mkusanyaji wa nyimbo za vijijini, alikuwa akirekodi kwa fonografia, mashine ya zamani ya silinda za nta, tangu karne ya 19. Mtunzi wa muziki Zoltán Kodály akaanza safari zake za kukusanya nyimbo mwaka 1905, mtunzi mwenzake Béla Bartók akamfuata mwaka 1906. Rekodi nyingi zilizokusanywa baada yao zinasikilizika kwenye intaneti. Chagua kijiji kimoja ukae nacho. Mimi nilikaa na kimoja miaka mitatu, marafiki wakinicheka, na hicho ndicho kilichonipa kazi, kwa sababu mwenye nyimbo kumi kumi za kila mahali yuko kila kona hapa.

Na uandike majina. Bartók alizoea kuandika aliyeimba, umri wake, kijiji na mwaka. Sisi wa leo tuna simu zenye kila kitu na bado tunaandika tu "wimbo wa Transilvania". Wapigaji wengi wa kule walikuwa Waroma, wale ambao wengine huwaita Wajipsi, na hao ndio majina yao huanguka kwanza. Hili linanikera kuliko yote.

Kwenye kufundisha, kama umelelewa kwenye kwaya ya kanisa, una mtaji usioujua. Zile do re mi zetu za tonic sol-fa zilitoka Uingereza kupitia wamisionari. Kodály naye alichukua kutoka hukohuko do inayohama, yaani do inayofuata ufunguo wa wimbo, na ishara za mikono, shule za Hungaria zikajengwa juu yake. Siku ya kwanza darasani wenzangu waliokuja kutoka nje walikuwa wakihangaika na do inayohama, mimi nilikuwa kama niko mazoezi ya Jumamosi jioni.

Pesa? Mshahara mmoja hautoshi. Asubuhi nafundisha watoto, jioni mbili tatu kwa wiki napiga kwenye táncház, jioni za kucheza ngoma za asili, kiangazi naenda kambi za muziki. Táncház, yaani nyumba ya kuchezea, ni jina lililotoka Szék, ambako vijana walikodi nyumba ili wacheze. Ya kwanza mjini Budapest ilifanyika Mei 1972, Ferenc Sebő na Béla Halmos wakipiga, na mwaka 2011 UNESCO ikautambua utaratibu huo kuwa mfano mzuri wa kuhifadhi urithi. Huko ndiko kazi zinakogawanywa. Hakuna anayeomba vyeti. Watu wanakusikia saa nne usiku, saa sita unaulizwa kama una nafasi Ijumaa. Uulizwe kwa Kihungari, na ujibu kwa Kihungari.

Wapiga fidla wanaotafuta nafasi ni wengi, wa kontra hawatoshi. Na usinunue kontra mpya. Tafuta viola kuukuu, mpelekee fundi achonge kile kibao kiwe bapa, toa uzi wa nne. Nyuzi zinazobaki ni sol, re na la, ila hiyo la ishushwe oktava moja ikae katikati ya zile mbili. Fundi asiyeijua kontra atakuambia umekosea. Mwambie aendelee.